Kaunta ya polisi usiseme "najua haki zangu", uliza utaratibu

Watu wengi wakifika kaunta ya polisi neno la kwanza ni "mi najua haki zangu bwana", na nimeshaona sura za maafande zinavobadilika wakisikia hiyo kauli, mazungumzo yanaisha kabla hayajaanza. Mi naishi Kirumba hapa Mwanza, biashara yangu ni dagaa pale Mwaloni, na pembeni ni msaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Sio wakili, sisimami mahakamani kumtetea mtu, na msaada wetu ni bure kwaiyo msije inbox kuniuliza bei. Kazi yangu ni kumwambia mtu aende wapi, ashike karatasi gani, aulize nini. Na kama kuna kitu kimoja nimejifunza kwa hii kazi ni kwamba haki za kwenye Katiba huwa zinashinda au kushindwa kwenye jambo dogo sana ambalo watu wanalidharau, yaani utaratibu.

Nilijifunza hivo kwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Yeye ana boti anabeba mizigo kutoka Igombe kwenda visiwani, unga, sabuni, kreti za soda, akirudi anabeba dagaa na watu wawili watatu. Mashine yake, yaani injini ya boti, iliharibika akanunua ya mkononi, horsepower 15, kwa jamaa mmoja aliyekuja nayo na maneno matamu, risiti hakuna. Kwa watu wa ziwani mnajua wizi wa mashine ni janga, kuna wanaoibiwa usiku mwaloni, pale boti zinapofungwa, na kuna wanaovamiwa katikati ya maji kwa mapanga wakaachwa wanaelea tu na boti haina kitu nyuma. Sasa siku moja mwenye mashine akaitambua ile mashine, ana alama yake ameichonga kwa ndani, Ijumaa jioni shemeji akabebwa.

Ijumaa jioni. Aliyewahi kuwa na ndugu mahabusu anajua maana ya kukamatwa Ijumaa jioni.

Mdogo wangu alinipigia analia sikuelewa hata kituo gani. Nilipofika nikakuta mashangazi wa shemeji wameshagombana na kijana wa kaunta, mmoja anasema kwa sauti haki za binadamu, mwingine anataja jina la diwani, kijana kanuna hataki kusikia la mtu. Nikawaomba wakae kwenye benchi nje. Nikamsogelea afande mtu mzima aliyekuwa anaandika kitabu pembeni, nikamsalimia.

"Shikamoo afande."

"Marahaba mama, na we umekuja kugombana?"

"Hapana baba. Naomba kujua tu shemeji yangu anashikiliwa kwa kosa gani, na utaratibu wa dhamana ukoje."

Akasema unyang'anyi wa kutumia silaha, hauna dhamana, nendeni nyumbani mje Jumatatu. Nikauliza, maelezo yake ameshaandikwa kwa kosa hilo? Akanyamaza kidogo, akafungua kitabu, akapitisha kidole, akaniambia hapa imeandikwa kupatikana na mali inayodhaniwa ya wizi. Nikasema basi afande hilo lina dhamana. Akaniangalia. Hakukasirika, aliniangalia tu kama mtu anayejiuliza huyu muuza dagaa katokea wapi, akasema lina dhamana ndio ila mkubwa anayetakiwa kuidhinisha ameshatoka.

Sitaki kuwadanganya kwamba nilimtoa usiku ule, sikumtoa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama haiwezekani mkuu wa kituo anaweza kumwachia kwa dhamana isipokuwa kosa likionekana zito, na hayo maneno "likionekana zito" ndo mlango ambao wikiendi nzima inapita. Kuna na saa nne za kumhoji mtu tangu awe chini ya ulinzi, zikitakiwa kuongezwa kuna namna yake. Shemeji alikaa mpaka Jumatatu. Ila nilichopata usiku ule ni kikubwa kuliko nilivojua: nilipata kujua kosa gani limeandikwa, na nikalisema mbele ya watu, kwaiyo Jumatatu ilikuwa ngumu mtu kubadilisha wizi ukawa unyang'anyi.

Nje ya geti kuna jamaa akatufuata, kavaa vizuri, akasema mkitoa laki moja anatoka sasa hivi. Dhamana haiuzwi jamani, ya polisi wala ya mahakama. Mashangazi walishaanza kuchangishana, ikabidi niwazuie kwa ukali.

Sasa kwanini niliuliza kosa badala ya kulalamika? Kwa sababu ya kesi moja ya Musoma ambayo wakili mmoja alitusimulia kwenye mafunzo. Inaitwa kesi ya Daudi Pete. Huyu alishtakiwa kule Musoma kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu akanyimwa dhamana kwa kile kifungu cha ileile Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ambacho miaka yote tumezoea kukiita 148(5), kinachotaja makosa yasiyo na dhamana. Shauri likapanda Mahakama Kuu hapa Mwanza kwa Jaji James Mwalusanya. Jueni kwamba wakati ule haki hizi zilikuwa mpya kabisa kwenye Katiba yetu. Katiba ni ya 1977 ila sura ya haki iliingizwa kwa mabadiliko ya 1984, afu serikali ikapewa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake kabla mtu hajaweza kwenda kudai mahakamani, kwaiyo milango ilifunguka rasmi Machi 1988. Na Mwalusanya hakupoteza muda, mwaka huohuo wa 1988 akiwa hapa hapa Mwanza alishabatilisha sheria ya kikoloni iliyoruhusu serikali kumhamisha mtu kwa nguvu toka kwao kumpeleka mkoa mwingine, na ile nayo ilihusu mtu aliyekuwa gereza la Musoma. Ukanda wetu huu wa ziwa umetoa kesi nyingi za haki kuliko watu wanavodhani, sijui ni ubishi wetu.

Kwenye ya Pete, Mwalusanya alisema kumnyima mtu dhamana kwa sababu tu ya aina ya kosa ni kumfanya kama ameshapatikana na hatia, wakati ibara ya 13(6) inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Inaingia akilini. Mimi niliposikia nikapiga makofi. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ikatoa jibu ambalo mwanzoni lilinichanganya: walikubali sehemu ile ya kifungu ni batili, lakini wakakataa hiyo sababu. Walisema kumnyima mtu dhamana peke yake sio kumhukumu. Tatizo waliloliona liko ibara ya 15, ile inayokataza mtu kukamatwa au kufungiwa isipokuwa "katika hali na kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria". Kile kipande cha kifungu hakikuweka utaratibu wowote wa kuamua nani anyimwe na nani asinyimwe, kilikuwa kipana kiasi kwamba kinamzoa mtu hatari pamoja na asiye hatari wote sawa.

Mnaona sasa? Neno kubwa, lile la kutokuwa na hatia, ambalo sisi wote tunalipenda, halikuibeba ile kesi rufaani. Kilichoibeba ni swali kavu la utaratibu uko wapi. Wakili aliposema hivo kuna mwenzetu wa Nyakato akalalamika kwamba huo ni ushindi mwembamba, na kweli ni mwembamba, maana kama tatizo ni utaratibu basi Bunge linaweza kurudi likaandika upya kwa makini zaidi. Ndicho kilichotokea kwa miaka iliyofuata, orodha ya makosa yasiyo na dhamana ipo, unyang'anyi wa kutumia silaha umo, mauaji na uhaini vimo na mengine yameongezeka.

Jumatatu shemeji akafikishwa mahakama ya wilaya. Hati ya mashtaka ikasomwa, mali inayodhaniwa ya wizi, akakana. Mwendesha mashtaka akasema upelelezi haujakamilika ila hana pingamizi na dhamana. Hakimu akataka wadhamini wawili wenye barua za mtendaji wa mtaa na vitambulisho, kila mmoja asaini bondi ya milioni mbili. Hapo mashangazi wakashika vichwa, milioni nne tunatoa wapi! Nikawaambia tulieni, bondi hiyo ni ya maandishi, hamtoi hela leo, ni ahadi kwamba akitoroka mtadaiwa. Watu wanarudishwa Butimba kwenye karandinga kila siku kwa kutojua hilo tu, ndugu anasikia milioni anaondoka kwenda kukopa, akirudi mahakama imefungwa. Na barua ya mtendaji ichukueni mapema kabla ya kwenda mahakamani, Jumatatu mtendaji yuko kikaoni siku zote, sijui vikao gani.

Alitoka jioni ile. Kesi yenyewe iliisha baadaye aliyemuuzia alipopatikana, sina haja ya kuirefusha.

Lakini kuna kijana wa mtaa wetu, jirani kabisa, yeye hati yake iliandikwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na sakata lenyewe ni hilohilo la mashine ziwani, alikamatwa na wenzake. Yule hakukuwa na swali la kuuliza kaunta, maana kosa lenyewe limetajwa kwenye sheria, hakimu mikono yake imefungwa hata kama anaona kabisa huyu mtoto ana mama mgonjwa na nyumba inajulikana. Alikaa Butimba zaidi ya miaka miwili, kila kutajwa upelelezi haujakamilika, mwisho siku moja ikaja taarifa kwamba DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka wa serikali, hana nia ya kuendelea na shauri, akaachiwa, akatoka na mfuko wa rambo na suruali aliyoingia nayo. Mama yake alikuwa ameshafariki.

Ndo maana mwaka 2020 nilifuatilia sana kesi ya Dickson Sanga. Mei 2020 Mahakama Kuu Dar es Salaam ilisema kifungu cha 148(5) kinakwenda kinyume na Katiba, na hapa mtaani watu walishangilia kama mpira, wakaanza kuniuliza lini ndugu zao wanatoka. Agosti hiyohiyo Mahakama ya Rufani ikatengua, ikasema kifungu hakikiuki Katiba. Miezi mitatu tu. Mi sio mwanasheria lakini nina maoni yangu, na maoni yangu ni kwamba ule uamuzi wa 1991 ulikuwa na maana pana kuliko walivoutumia 2020. Utaratibu sio orodha ya makosa. Kuandika "fulani na fulani hawapewi" bila kumwachia hakimu nafasi ya kumwangalia mtu aliyesimama mbele yake, hiyo kwangu ni amri imevaa nguo ya utaratibu. Nayajua majibu ya upande wa pili pia, nimeyasikia kwa wavuvi wenyewe, mtu aliyevamiwa kwa panga usiku hataki kumkuta mvamizi wake mwaloni kesho yake anakunywa chai, na ukikaa Igombe jioni ukasikiliza hadithi zao huwezi kuwabeza. Katiba yenyewe ibara ya 30 inasema haki za mmoja zisivunje za wengine. Sawa. Ila hakimu yupo kwa kazi gani kama sio hiyo ya kupima?

Na kwenye hilo kuna kesi moja inanipa moyo kidogo, ya wakili Jeremia Mtobesya. Zamani DPP alikuwa anaweza kuleta hati tu ya kusema dhamana ya huyu itahatarisha usalama au maslahi ya nchi, basi, mahakama inafunga mdomo, hakuna kuuliza kwanini. Mahakama Kuu ikaibatilisha, na Februari 2018 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo, sababu ikiwa haki ya kusikilizwa, maana hati moja ya upande mmoja inamaliza shauri bila upande wa pili kusema neno. Ni swali lilelile tena, hatua gani imerukwa. Nikikaa na watu siku hizi nawafundisha hivo, usibishane na afande kuhusu uhuru, muulize kosa gani, limeandikwa wapi, nani anaamua, na mimi nasikilizwa lini.

Sasa niende kwa mama yangu maana huko nako kuna somo, na sio la polisi.

Mama ni Mhaya wa Muleba, aliolewa huku Usukumani, babu akamwachia kibanja, yaani shamba la migomba, kwa wosia. Alipotaka kuuza kipande atengeneze nyumba yake ya huku, mjomba mmoja akaruka, ardhi ya ukoo mwanamke haiuzi, anakula ndizi tu. Mjomba hakuitoa kichwani hiyo, imeandikwa kweli kwenye kanuni za mila zilizotangazwa na serikali 1963, mwanamke anaweza kurithi na kutumia ardhi ya ukoo lakini asiuze. Tukapanda meli usiku tukashuka Kemondo, tukachukua hiace mpaka Muleba, mimi mkononi nina makaratasi ya hukumu ya Ephrahim dhidi ya Pastory nimeprinti.

Hii kesi ni ya hukohuko Muleba na iliamuliwa hapa Mwanza, Februari 1990, Mwalusanya yuleyule. Mama mmoja alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia, 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa kaka yake akamshtaki mahakama ya mwanzo Kashasha, akashinda, mauzo yakafutwa mama akaambiwa arudishe hela. Mahakama ya wilaya ikageuza. Mpwa akaja Mwanza. Jaji akasema kanuni ile inabagua kwa jinsia, ibara ya 13(4) inakataza, na akatumia sheria ya mpito ya 1984 iliyoruhusu mahakama kusoma sheria za zamani kwa marekebisho yanayohitajika ili zilingane na Katiba. Kwaiyo hakusubiri Bunge. Alisema tu kuanzia sasa mwanamke ana mamlaka yaleyale ya mwanaume kwenye ardhi ya ukoo, si zaidi si pungufu.

Hiyo "si zaidi" ndo wengi wanairuka, na ndo iliyotumaliza ubishi kwenye baraza la ardhi la kata. Mwanaume akiuza ardhi ya ukoo, ndugu wanaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi hela yake. Basi na ya mama hivohivo. Baraza siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu, halihukumu, lakini yule mwenyekiti mzee alisoma taratibu, akamwambia mjomba, mtani wangu, kama unalipenda sana shamba leta hela ukomboe. Mjomba akasema atajipanga. Anajipanga mpaka leo na mnunuzi ameshapanda kahawa.

Nilirudi Mwanza kifua mbele, afu kwenye semina nyingine nikasikia habari ya wajane wawili wa Shinyanga, hapo jirani zetu, waliofukuzwa kwenye nyumba za waume zao kwa hizo kanuni za mila. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kabisa kwamba kanuni ni za kibaguzi, ikakataa kuzifuta, hoja ikiwa kwamba mila za makabila yote haziwezi kubadilishwa kwa hukumu, zitaamsha mengi. Rufani yao 2010 ikatupwa kwa kasoro ya kwenye nyaraka. Kasoro ya karatasi! Wakaenda mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao.

Nimefikiria sana kwanini Muleba 1990 iliwezekana na Shinyanga 2006 ikashindikana wakati ubaguzi unafanana. Jibu langu, ambalo wakili mmoja alilicheka ila hakulipinga, ni kwamba yule jaji wa 1990 aliletewa shamba moja na mauzo mamoja, ilibidi aseme ni la nani. Wajane waliomba kanuni zenyewe zifutwe nchi nzima, na mahakama ikaogopa ukubwa wa ombi.

Sasa hivi nina mjane wa Sengerema, shemeji zake wanataka shamba. Kuna vijana wa mjini walimshauri afungue kesi ya kikatiba, nikamwambia mayu (mama kwa Kisukuma), tutafika huko ikibidi. Tumefungua mirathi mahakama ya mwanzo kwa ekari zake mbili, ibara ya 13 tumeiandika kwenye maelezo pamoja na ile hukumu ya 1990, na safari hii kila karatasi nimeihakiki tarehe mwenyewe. Inatajwa mwezi ujao.